Meli Ikipona

Nilichagua upande wa kivuli. Ndivyo tunavyosafiri sisi watu wa huku juu: ukikata tiketi ya basi pale Uyole kwenda Iringa, unauliza kwanza jua litakuwa upande gani, kisha unakaa upande wa pili. Basi siku ile bandarini Kyela, karani aliponiuliza nataka chumba cha upande gani wa meli, nikamjibu bila kufikiri, "Nipe pasipo na jua la asubuhi." Akanipa. Nikarudi kwa mama nikiringa, ufunguo mkononi, nikamwambia nimempatia chumba cha daraja la kwanza, kitanda kina godoro na dirisha linafunguka.

Mama aliingia, akachungulia dirishani, akatoka.

"Sasa humu nitaona nini, mwanangu? Hii dirisha inaangalia Malawi."

Ilikuwa kweli. Meli ile hushuka Ziwa Nyasa kwenda kusini, milima ya Livingstone ikiwa kushoto kwake, na kwao mama ni chini ya milima hiyo hiyo, ukingoni mwa maji. Jua la asubuhi nalo hutokea huko huko. Kwa kulikimbia jua, nilikuwa nimelipia kutokuona kile tulichokifuata. Tukaacha mabegi chumbani, tukapanda kwenye sitaha na kukaa juu ya magunia ya mchele pamoja na wasafiri wengine. Godoro la daraja la kwanza likalaliwa na mabegi. Mchana ulipopita jua likahamia upande ule ule wa chumba chetu, kwa hiyo hata kivuli chenyewe sikukipata.

Nina duka la mbegu na mbolea Uyole. Wateja wakisikia nimewahi kusafiri kwa meli, hudhani ni zile wanazoziona kwenye simu, zenye bwawa la kuogelea na wazee wa Kizungu waliovaa kofia. Mara nyingi nawaacha waamini hivyo. Lakini akitokea mtu anayetaka kweli kwenda, namwambia mambo yalivyo. Meli ndogo iliyozeeka haina saa ya kuondoka, ina siku tu, na ukiambiwa siku yenyewe ni Alhamisi, beba na chakula cha Ijumaa. Mlango wa choo haufungi. Ukiwa ndani unakohoa ili anayekuja ajue mna mtu. Kuta zimepakwa rangi juu ya rangi mpaka vichwa vya misumari havionekani tena. Injini huisikii kwa masikio peke yake, unaisikia kwa nyayo, na baada ya muda unasahau kwamba inatetemeka, mpaka siku ikinyamaza ndipo unashtuka. Jikoni kuna wali na samaki. Samaki wakiisha kuna wali na maharage, na maharage yakiisha mpishi anakutazama kana kwamba wewe ndiye uliyeyamaliza.

Tena usitegemee kuwa na siri. Mahali padogo kama pale watu wanaulizana bila haya unatoka wapi, unakwenda kwa nani, umebeba nini. Kabla ya saa sita mchana, kuanzia mabaharia mpaka mama aliyekuwa anasafiri na mbuzi wake, wote walikwisha kujua kwamba yule bibi mwenye chungu anakwenda kumwona mdogo wake, na kwamba hawajaonana tangu nywele zao zikiwa nyeusi.

Chungu hicho lazima nikieleze, maana safari yote ilikuwa ya chungu.

Mama yangu ni Mkisi, na wanawake wa Kikisi ni wafinyanzi. Kwao, mfinyanzi wa zamani hakuuza chungu kwa kutaja bei. Mnunuzi alikijaza nafaka mpaka mdomoni, nafaka ikabaki kwa mfinyanzi, chungu kikaenda na mnunuzi. Ambacho hakijajazwa hakijanunuliwa; hata kikae nyumbani kwako miaka mingapi, bado ni cha mikono iliyokifinyanga. Baba yangu alikuwa Mhehe, fundi seremala, aliyeshuka na meli hii hii kwenda kuezeka kanisa la kijiji cha kina mama. Akaezeka, akapenda, akaposa. Siku ya kuondoka na mkewe, bibi mzaa mama alimkabidhi mama chungu kikubwa cha kuwekea nafaka. Baba kwa adabu zake akataka kukijaza mahindi palepale. Bibi akamzuia. Akasema atakijaza binti yake mwenyewe, kwa mavuno ya huko aendako, siku atakapokuja kuwaamkia. Wakishakimwaga ataondoka nacho kikiwa kitupu, na akija tena atakuja nacho kimejaa. Hivyo ndivyo bibi alivyohakikisha kwamba hajamtoa mwanawe moja kwa moja.

Mama alikwenda mara mbili, nami nikiwa mgongoni, sikumbuki lolote. Halafu bibi akafariki, na taarifa ikamfikia mama Iringa wakati kaburi limekwisha kuota majani. Baba naye akaanza kuugua. Meli ikaanza kuharibika, ikawa leo ipo, kesho haipo, mwisho ikafungwa kamba bandarini kwa miaka. Chungu kikabaki jikoni kwetu, kijijini nyuma ya Tosamaganga, kimekaa juu ya ngata yake kwa sababu kitako chake ni cha duara. Tulikitumia kuwekea maharage, lakini mama hakuruhusu kijae. Ilikuwa lazima ubaki upana wa kiganja kati ya maharage na mdomo. Ukipitisha, anakuja anapunguza bila kusema neno. Sisi watoto tulidhani ni ubahili.

Kuna barabara ya mlimani iliyochongwa siku hizi kushuka mpaka kijijini kwao. Pikipiki hupita, ila abiria hushuka amemkumbatia dereva na kufumba macho. Magoti ya mama yalikuwa yamekwisha kushindwa hata na ngazi za kanisani. Kwa hiyo tumaini lake lilikuwa meli. Kila nilipompigia simu, tukimaliza kuulizana hali, mvua na bei ya mbolea, aliuliza, "Na ile meli imepona?" Hakusema imetengenezwa. Aliiulizia kama mtu aliyelazwa. Nami nilikuwa najibu bado, huku nahesabu mifuko ya mbegu, sikuwaza kwamba swali hilo ni zito.

Ndipo mteja mmoja kutoka Kyela akaniambia meli imeanza tena. Nilifunga duka siku hiyo hiyo. Nilipofika Iringa kumchukua mama, nilimkuta amepiga magoti jikoni, magoti yale yale mabovu, anamimina maharage ndani ya chungu. Alimimina mpaka yakafika mdomoni, akayasawazisha kwa kiganja. Kisha akakifunika kwa kitenge, akafunga fundo, akakaa chini akacheka peke yake. Sijui kama nimewahi kumwona akicheka vile, wala kama nitamwona tena.

Alisafiri kama watu wa Iringa wasafirivyo, yaani sweta mbili na blanketi. Kyela ikampokea kwa joto lake, akavua sweta moja bandarini na ya pili sitahani. Baharia alipokuja kumwamkia, "Shikamoo, bibi," akaitika "Kamwene," halafu akashika mdomo. Alikuwa amekaa na Wahehe mpaka ulimi wake ulihamia kwao. Baharia akamwuliza anashukia wapi. Mama akamtajia kijiji, na baharia akatazama maji yaliyo mbele kabla ya kujibu.

"Tutaona, bibi. Pale hakuna gati. Tunasimama mbali, mitumbwi inakuja."

"Najua. Pale ndiko kwetu."

Nilikuja kuelewa kwenye kituo cha kwanza. Meli ilipunguza mwendo, ikapiga honi, na mitumbwi ikatoka ufukweni ikikimbilia ubavu wetu. Ngazi ya chuma ikateremshwa, watu wakashuka na magodoro, na paneli za umeme wa jua, na kuku. Maji yalikuwa yametulia. Mama alitazama kila mguu uliokanyaga mtumbwi. Baadaye akanyoosha wake mmoja, akaukunja, akaunyoosha tena. Nami nikaanza kuogopa, na mimi nikiogopa huwa mkali. Nikamwambia asimame, asisimame, anywe maji, asinywe mengi.

Yeye alikuwa ameanza kuitambua milima. Alinionyesha korongo walikochimba udongo wa kufinyangia, na mwamba mweupe ambako, alisema, mawe yake yalifaa kusugulia vyungu vikang'aa. Mimi niliona milima tu, imesimama wima mpaka majini. Alinishika mkono kila mara kuniambia, "Pale, pale," na nilipouliza ni wapi hasa, tulikuwa tumekwisha kupita. Niliona wivu, nasema kweli. Kulikuwa na mama mwingine mzima ndani ya mama yangu, wa kabla ya baba na kabla yetu sisi, na yule wa kumfahamu vizuri alikuwa mtu mmoja tu, mbele huko, anatusubiri.

Alasiri upepo wa kusini ukaanza, ule wanaouita mwera. Haukuja kwa kishindo. Nguo zilizoanikwa kwenye vyuma zilianza kupepea, mbuzi akajilaza, kisha maji yakageuka rangi. Tulipofika mbele ya kijiji chao mama, mawimbi yalikuwa yanapiga ubavu wa meli na kuturushia maji mpaka tulipokaa. Honi ikalia. Ufukweni niliona nyumba chache za bati, mnara mdogo wa kanisa, na watu. Mtumbwi mmoja peke yake ulitoka.

Vijana wawili walikuwa wanapiga kasia. Katikati alikaa mwanamke mzee, amefunga kilemba, mikono yote miwili imeshika kingo za mtumbwi. Mama alisimama. Alikuwa hajasimama bila kushikwa tangu Kyela.

"Ndiye," akasema.

Mama mdogo hakuwa na simu. Alikuwa akiazima ya jirani na kupanda nayo juu ya jiwe ndipo apate mtandao, na ujumbe wake wa mwisho ulikuwa kwamba atakuja mwenyewe na mtumbwi kumpokea dada yake. Alitimiza. Mtumbwi ulisogea, ukapandishwa na wimbi hadi karibu na sitaha ya chini, ukashuka, ukarudishwa nyuma. Kijana mmoja wa kwenye meli aliruka na begi lake mgongoni, akadakwa, akaanguka magotini ndani ya mtumbwi. Wa pili akaghairi. Baharia akaja akasimama kati yetu na ngazi.

"Bibi, siwezi kukushusha. Ngazi inapanda, mtumbwi unashuka. Nikikosea, nimekuua."

Nilimgeukia. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, kwamba tumelipa, kwamba mama ametoka Iringa, kwamba kama wanaogopa maji wangekwenda kuendesha matrekta. Yeye alikuwa na adabu kuliko mimi. Ni mama aliyenivuta nguo.

"Mwache. Anasema ukweli. Nataka tu anisogezee chungu."

Basi wakaongea hivyo, mmoja kwenye vyuma vya ukingo, mwingine chini. Walipiga kelele kwa Kikisi, na mimi Kikisi changu ni cha kuombea maji na kukataza watoto. Nilishika neno moja moja kila wimbi lilipowakaribisha. Mbuzi. Paa. Mtu fulani amekufa, na mwingine, na mwingine. Magoti, na hapo wote wawili wakacheka, kwa sababu hata mama mdogo alikuwa na magoti hayo ya ukoo na asingeweza kupanda ngazi kuja juu. Nilitegemea wangesema mambo makubwa. Wimbi lilipoushusha mtumbwi walinyamaza wakasubiriana, lilipoupandisha wakaendelea palepale walipoishia.

Mabaharia wakakifunga chungu ndani ya wavu wa kamba, wakakiteremsha taratibu. Mama mdogo akakipokea mapajani. Akafungua fundo la kitenge, akatazama ndani. Akaona kimejaa. Akapitisha kiganja juu ya mdomo wa chungu, vilevile kama mama alivyofanya jikoni, kisha akainua uso akatutazama kwa muda mrefu huku mtumbwi unapanda na kushuka naye.

Akaingiza mikono yote miwili ndani, akachota maharage, akayamwaga kwenye khanga mapajani mwake. Akachota tena kidogo. Akafunga fundo, akakirudisha kwenye wavu, akaitikisa kamba.

"Amekataa zawadi?" baharia aliuliza, akivuta.

"Hajakataa," mama alisema. "Amesema bado sijafika."

Kilipofika juu alikifungua. Kati ya maharage na mdomo kulikuwa na upana wa kiganja. Mama alikikumbatia, akalia mbele ya watu wote, na yule mama mwenye mbuzi akaja kumshika mabega. Meli ikapiga honi, na nyayo zangu zikasikia injini ikiongeza nguvu. Mama mdogo hakupunga mkono, mikono yake ilikuwa imeshika kingo za mtumbwi. Tulimtazama mpaka kilemba chake kikawa hakionekani, kisha tukaendelea kutazama bati la kanisa ambalo baba aliliezeka.

Nilimwambia mama tutashuka tukirudi. Upepo hauvumi kila siku, nikasema, na kwa kurudi meli ingepita asubuhi, maji yakiwa yamelala. Alikubali. Alikula samaki wake wote jioni ile, na alipokwenda kulala aliuliza kama chungu kimewekwa mahali salama. Lakini tulipofika bandari ya mwisho, Mbamba Bay, injini ilizimwa na haikuwaka tena. Tulikaa tukisubiri fundi, halafu tukasubiri kifaa, halafu nahodha mwenyewe akaja kutushauri, kwa sauti ya mtu aliyefiwa, kwamba tutafute basi. Tukapanda kwenda Mbinga, Songea, Njombe, tukazunguka nyuma ya milima ile ile kwa upande ambao hauoni ziwa. Mama alikipakata chungu njia nzima. Makambako aliomba sweta yake.

Hiyo ni miaka kadhaa sasa. Mama mdogo bado yupo, na jirani yake bado anamwazima simu. Meli imefungwa kamba tena. Yule mteja wa Kyela kila akija dukani naiulizia kabla hata hajataja anachotaka kununua, na kila mara huniambia mafundi wapo, mafundi wanakuja, kifaa kimeagizwa. Zamani nilimwuliza kwa ajili ya mama. Siku hizi nauliza kwa ajili yangu. Nikisimama mlangoni pa duka, malori yakipanda na kushuka, naikumbuka mitetemo ile ya nyayoni, naitamani kama chakula. Nataka kumwona mama akikanyaga mchanga wa kwao. Nataka Kikisi kile nikisikie kwa karibu, bila upepo, hata kama ni habari za mbuzi.

Mwaka huu baada ya mavuno nilikwenda Iringa kumsaidia kuhifadhi maharage. Macho yake yameingia ukungu, anatambua watu kwa sauti, na jikoni anafanya kazi kwa kupapasa. Alikaa kwenye kigoda, mimi nikimimina kutoka kwenye gunia huku namsimulia mambo ya wajukuu, ugomvi wao na mitihani yao. Ninapopiga soga mkono wangu hausikii. Nilipotazama, maharage yalikuwa yamefika mdomoni kabisa, mengine yamedondoka sakafuni.

Mama alinyoosha mkono kupima, kama kawaida yake, akitafuta ile nafasi ya kiganja. Hakuikuta. Vidole vyake vikakaa juu ya maharage. Akavipitisha ukingoni kuzunguka chungu chote, polepole, na uso wake ukabadilika.

"Kumbe imepona," akasema. "Na hukuniambia." Alikwisha kuweka mkono ukutani kujiinua, na mwingine unatafuta sweta.

Nilipiga magoti, nikaingiza mikono yote miwili ndani ya chungu, nikachota. Aliyasikia maharage yakirudi ndani ya gunia, akaketi tena, sweta mapajani.

"Chota na mengine kidogo," akasema. Nikachota.